Kutoka Seli ya Uzazi hadi Mraba wa Urithi: Mwongozo Kamili wa Uzazi na Jenetiki kwa Wanafunzi wa Sekondari

Kwa miaka mingi mihtasari ya Baiolojia ya Tanzania na ya Kenya imeiweka mada ya uzazi kidato cha tatu na mada ya jenetiki kidato cha nne. Mpangilio huo una sababu zake, lakini umezaa tatizo ambalo nimelikuta darasani mwaka baada ya mwaka: mwanafunzi anayeweza kuchora mfumo wa uzazi wa mwanamke na kutaja kila kiungo bila kukosea anakwama kwenye swali fupi la urithi, kwa kuwa hajatambua kwamba herufi anazoziandika juu ya ule mraba wa kukokotolea urithi ni zile zile mbegu za kiume na yale yale mayai aliyoyasoma mwaka uliotangulia. Kwake mraba umekuwa fumbo la hesabu. Anaujaza kwa kukariri, na swali likigeuzwa kidogo tu, hana pa kushika.

Mwongozo huu unazisoma mada hizo mbili kama habari moja. Mfano wake mkuu ni selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua majumbani na mitaani, na ambao kanuni zake zikieleweka vizuri, maswali mengi ya urithi yanakuwa mepesi. Andaa daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, vifuko viwili visivyoonyesha kilichomo ndani, na maharage ya rangi mbili, kama 100 ya kila rangi. Vyote vitatumika.

Hatua ya kwanza: Hesabu kromosomu

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili wa binadamu mna kromosomu 46, yaani nyuzi za DNA, ile kemikali inayobeba maelekezo ya urithi. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kuwa ni 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi katika mji wa Lund nchini Sweden, walipozihesabu upya na kutangaza idadi sahihi mwaka 1956. Kumbuka pia kwamba chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina kromosomu. Watunga mitihani wanalipenda swali hilo.

Kromosomu hizo 46 zimepangika katika jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na ya pili kwa baba. Jozi 22 zina kromosomu zinazolingana kwa urefu na kubeba jeni za aina moja katika mpangilio mmoja, na jozi ya 23 ndiyo ya jinsi, ambayo tutairudia baadaye. Jeni ni kipande cha DNA kinachobeba maelekezo, mara nyingi maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Jeni ya beta-globini, kwa mfano, inakaa kwenye kromosomu ya 11 na kutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu. Kwa kuwa una kromosomu ya 11 mbili, una nakala mbili za jeni hiyo.

Nakala hizo mbili zinaweza kufanana kabisa au kutofautiana kidogo, na kila namna ya jeni moja huitwa aleli. Ishike tofauti hiyo mapema. Jeni ni mahali na kazi, aleli ni namna mojawapo inayoweza kukaa mahali hapo. Mwanafunzi anayesema kuwa mgonjwa wa selimundu "ana jeni ya selimundu na wenzake hawana" amekosea, kwa sababu binadamu wote wana jeni ya beta-globini, na kinachotofautiana ni aleli.

Sasa jiulize: kama mbegu ya kiume ingebeba kromosomu 46 na yai 46, mtoto angekuwa na 92, na mjukuu 184. Jambo hilo halitokei. Lazima pawepo mahali ambapo idadi inapunguzwa kuwa nusu kabla ya mbegu na yai kukutana, na mahali hapo ndipo penye ufunguo wa mada nzima.

Hatua ya pili: Chora meiosisi kwa mkono wako

Meiosisi ni mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai yenye nusu ya kromosomu. Usiisome kwa macho peke yake. Chukua kalamu zako mbili na uchore seli moja kubwa yenye jozi moja tu ya kromosomu: nyekundu iliyotoka kwa mama, na ya bluu iliyotoka kwa baba. Mwenye seli hii awe mtu mwenye aleli mbili tofauti za beta-globini. Kwenye kromosomu nyekundu andika herufi A, yaani aleli ya kawaida, na kwenye ya bluu andika S, aleli ya selimundu.

Kabla seli haijagawanyika, DNA yake hunakiliwa. Kwa hiyo kila kromosomu sasa ichore ikiwa na nyuzi mbili zilizoshikana katikati: nyekundu yenye A na A, na ya bluu yenye S na S. Nyuzi hizo huitwa kromatidi, na mahali zinaposhikana ni sentromea. Kisha kromosomu za jozi hutafutana na kulala sambamba, jambo ambalo halifanyiki katika mitosisi, ule mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, na zikiwa zimekaribiana hivyo hubadilishana vipande. Kutokana na kubadilishana huko, kromosomu utakayompa mwanao huwa ni mchanganyiko wa sehemu ulizozipokea kwa mama yako na sehemu ulizozipokea kwa baba yako.

Mgawanyiko wa kwanza huzitenganisha kromosomu za jozi: nyekundu nzima, na kromatidi zake mbili, inavutwa upande mmoja wa seli, na ya bluu nzima upande wa pili. Hapa ndipo idadi inapopungua kuwa nusu. Nalisisitiza kwa sababu wanafunzi wengi hudhani nusu hiyo hupatikana katika mgawanyiko wa pili. Mgawanyiko wa pili unachofanya ni kuzitenganisha kromatidi, kama ilivyo katika mitosisi. Mwishoni utakuwa na seli nne kwenye daftari lako. Tazama herufi zake: mbili zina A, mbili zina S. Hata kama vipande vilibadilishana hapo katikati, hesabu haibadiliki, kwa sababu A zilikuwa mbili na S zilikuwa mbili, nazo zimegawanywa katika seli nne.

Unapoandika kwenye swali kwamba mzazi wa AS anatoa gameti (seli ya uzazi, yaani mbegu au yai) A na gameti S kwa uwezekano sawa, unaandika kile ulichokichora sasa hivi. Gregor Mendel alilifikia wazo hilo kwa kuhesabu njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akatoa maandishi yake mwaka 1866, wakati ambapo hakuna aliyejua kuwa kromosomu ndizo zinazobeba urithi. Katika mojawapo ya majaribio yake alipata njegere 5474 za mviringo na 1850 zenye mikunjo, takriban tatu kwa moja, na kutokana na uwiano huo akatambua kwamba kila mmea unabeba vipengele viwili vya sifa moja na kutoa kimoja tu katika kila seli ya uzazi. Kazi yake haikupewa uzito hadi mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake.

Ukichora jozi mbili badala ya moja utagundua jambo lingine. Jozi ya kwanza haiiamrishi jozi ya pili ielekee wapi. Kwa jozi 23, namna ambazo kromosomu za mama na za baba zinaweza kugawanywa ni 2 kwa kipeo cha 23, yaani 8,388,608, kabla hata ya kuhesabu ule ubadilishanaji wa vipande. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufanana bila kuwa sawa.

Meiosisi haiendi kwa namna moja kwa mwanamume na mwanamke. Katika korodani huanza wakati wa balehe na kuendelea maishani, na kila seli inayoingia hutoa mbegu nne. Katika ovari huanza kabla msichana hajazaliwa, kisha husimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza kwa miaka mingi. Kuanzia balehe, kila mwezi kwa kawaida yai moja huumaliza mgawanyiko huo na kutoka kwenye ovari, na mgawanyiko wa pili hukamilika tu ikiwa mbegu ya kiume imeingia. Zaidi ya hayo, kila seli hutoa yai moja kubwa lenye akiba ya chakula, na vijiseli vidogo vinavyokufa. Kusubiri huko kwa muda mrefu kunahusishwa na kuongezeka kwa uwezekano wa kromosomu kushindwa kutengana kadiri umri wa mama unavyosonga. Mtoto mwenye hali inayoitwa Down ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, jambo lililotangazwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1959.

Hatua ya tatu: Kukutana kwa mbegu na yai

Utungisho hufanyika ndani ya mrija wa falopio, si ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyoandika. Yai huishi kwa saa zisizozidi kama 24 baada ya kutoka kwenye ovari, ilhali mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya njia ya uzazi hadi siku 5 hivi, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini tendo lililofanyika siku kadhaa kabla ya yai kutoka linaweza kuleta mimba. Kiini cha mbegu chenye kromosomu 23 huungana na cha yai chenye 23, na seli inayopatikana, zaigoti, ina 46. Kutoka hapo hugawanyika kwa mitosisi huku ikisafiri kuelekea mji wa mimba, ambako hujipachika baada ya takriban wiki moja. Zaigoti moja ikitengana kuwa sehemu mbili na kila sehemu kukua peke yake, hupatikana pacha wa kufanana. Yakitoka mayai mawili na kila moja kutungishwa na mbegu yake, hupatikana pacha wasiofanana, ambao kwa urithi ni kama ndugu wengine wowote.

Kwa ajili ya jenetiki, beba jambo moja kutoka hatua hii. Mbegu inayolifikia yai haijui yai hilo limebeba aleli gani, wala haijui mimba iliyotangulia ilipata nini.

Hatua ya nne: Maneno sita

Jenotipu ni aleli mbili alizonazo mtu, kwa mfano AS. Fenotipu ni kile kinachoonekana au kupimika kwake, kwa mfano kuumwa au kutoumwa. Mwenye aleli mbili zinazofanana ni homozigoti, na mwenye aleli mbili tofauti ni heterozigoti. Aleli tawala ni ile inayojionyesha hata ikiwa moja tu, na aleli fiche hujionyesha pale tu zinapokuwa mbili. Kutawala hakumaanishi kuwa nyingi zaidi katika jamii, wala kuwa bora zaidi. Kundi la damu O linatokana na aleli fiche, na bado ndilo kundi lenye watu wengi kuliko yote katika nchi zetu.

Hatua ya tano: Swali kamili la selimundu

Tuchukue swali lenyewe. Baba na mama wote wawili ni wazima, lakini kila mmoja ana jenotipu AS. Kuna uwezekano gani wa kupata mtoto mwenye selimundu?

Andika kwanza ufunguo wa herufi: A ni aleli ya hemoglobini ya kawaida, S ni aleli ya selimundu. Andika jenotipu za wazazi: baba AS, mama AS. Andika gameti zao na kila moja uizungushie duara, kwa sababu duara ndilo linalomwonyesha msahihishaji kwamba unajua hiyo ni seli moja yenye aleli moja: baba A na S, mama A na S. Hatua hii wanafunzi wengi huiruka, na mwanafunzi aliyeiruka utamkuta ameandika AS juu ya safu moja ya mraba, kana kwamba mbegu moja imebeba aleli zote mbili. Kisha chora mraba wa Punnett, mbegu za baba juu na mayai ya mama pembeni:

| | A | S |
|---|---|---|
| A | AA | AS |
| S | AS | SS |

Kila chumba cha mraba huu ni zaigoti moja inayoweza kutokea. Uwiano wa jenotipu ni AA 1, AS 2, SS 1. Uwiano wa fenotipu ni wasioumwa 3 kwa anayeumwa 1. Jibu: uwezekano ni robo, au asilimia 25, kwa kila mimba.

Maneno "kwa kila mimba" usiyaache kamwe. Nimewahi kumsikia mzazi akisema kwamba kwa kuwa mtoto wa kwanza amekuwa mgonjwa, sasa wamemaliza fungu lao, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Vyumba vinne vya mraba si watoto wanne wanaosubiri zamu zao. Ni namna nne za mimba moja, na mimba inayofuata inaanza upya na mraba ule ule. Uwezekano wa wazazi hawa kupata watoto watatu wote wasioumwa ni 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 27/64, takriban asilimia 42. Kwa hiyo uwezekano wa kuwa na angalau mmoja anayeumwa kati ya hao watatu ni 37/64, takriban asilimia 58, zaidi ya nusu.

Jaribu sasa mwenyewe, kabla hujaendelea, AS na AA, kisha AS na SS. Ukipata katika jozi ya kwanza nusu AA na nusu AS bila mgonjwa yeyote, na katika ya pili nusu AS na nusu SS, umeelewa.

Inafaa kujua kinachotokea ndani ya damu, maana maswali ya kidato cha tano na sita huenda huko. Tofauti kati ya A na S ni ya herufi moja tu ya DNA: GAG imekuwa GTG. Kutokana na badiliko hilo, amino asidi (kipande kimojawapo kati ya vinavyojenga protini) ya sita katika mnyororo wa beta wenye amino asidi 146, ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki, inakuwa valini. Tofauti hiyo ya amino asidi moja iligunduliwa na Vernon Ingram miaka ya 1950. Oksijeni inapopungua, hemoglobini ya namna hii hushikana na kuunda nyuzi ngumu zinazoivuta chembe nyekundu mpaka ipinde kama mundu, na ndilo jina lenyewe. Chembe hizo huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, na huvunjika mapema na kusababisha upungufu wa damu. Mtoto mchanga kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza, kwa kuwa bado anatumia hemoglobini ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta.

Mtu wa AS ana hemoglobini za aina zote mbili ndani ya chembe zake. Kwa hiyo ukiulizwa juu ya ugonjwa, S ni fiche. Ukiulizwa juu ya hemoglobini inayotengenezwa, aleli zote mbili zinajionyesha kwa pamoja. Majibu yote mawili ni sahihi, na mwanafunzi makini hutaja anazungumzia lipi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu aleli hii, inayodhuru inapokuwa mbili, imebaki kwa wingi katika maeneo yaliyosumbuliwa na malaria kwa vizazi vingi.

Hatua ya sita: Maharage

Katika kila kifuko weka maharage 50 mekundu, yawe aleli A, na 50 meupe, yawe aleli S. Kifuko kimoja ni baba, cha pili ni mama. Funga macho, toa harage moja kutoka kila kifuko, andika ulichopata, kisha rudisha kila harage katika kifuko chake. Ukisahau kurudisha, uwezekano utabadilika kidogo kidogo na matokeo yako yatapotoka. Rudia mara 100.

Usitarajie 25, 50 na 25 kamili. Katika kundi moja la wanafunzi wangu, binti mmoja alitoa meupe mawili mara tatu mfululizo akaanza kulichunguza harage lake kwa wasiwasi, akiamini kifuko kimechanganywa vibaya. Tulimwaga kila kitu mezani, tukahesabu, na 50 zilikuwa 50. Wakaendelea, na walipofika 100 idadi zilikuwa zimekaribia uwiano unaotarajiwa. Nililipenda somo hilo kuliko maelezo yangu ya wiki nzima, kwa kuwa lilionyesha kile ambacho familia yenye watoto watatu hukipitia: idadi ndogo inaweza kwenda mbali na uwiano, na hakuna aliyekosea.

Hatua ya saba: Miundo mingine ya urithi

Makundi ya damu yana aleli tatu, IA, IB na i, ingawa kila mtu ana mbili tu. IA na IB hujionyesha pamoja, na zote mbili huitawala i. Baba wa kundi A mwenye jenotipu IAi na mama wa kundi B mwenye IBi wanaweza kupata watoto wa A, B, AB na O, robo kwa kila kundi. Mtoto wa kundi O katika nyumba ya A na B si ushahidi wa jambo lolote baya, na nyumba zimewahi kuvunjika kwa kutojua hilo.

Jinsi ya mtoto inahitaji maelezo zaidi. Mwanamke ana kromosomu XX, mwanamume XY. Katika meiosisi, kila yai hupata X. Mbegu za kiume, nusu hupata X na nusu hupata Y. Mbegu ya X ikilifikia yai, mtoto ni wa kike. Ya Y ikilifikia, ni wa kiume. Nettie Stevens alilionyesha jambo hili mwaka 1905 kwa kuchunguza seli za mbawakawa wa unga. Chora mraba wake na utaona kwamba upande wa mama hauna tofauti yoyote ya kutoa, X na X. Mama anayelaumiwa, kutishiwa talaka au kuletewa mke mwenza kwa sababu amezaa wasichana watupu anaonewa, wala baba naye hachagui mbegu itakayofika.

Kwa aleli fiche zilizo kwenye X, kama za upofu wa rangi nyekundu na kijani, mtoto wa kiume ana nakala moja tu, hivyo aleli moja inatosha. Mama mbebaji, yaani mwenye aleli hiyo moja bila kuwa na upofu wenyewe, na baba asiye na tatizo hutarajiwa kupata nusu ya wavulana wenye upofu huo na msichana yeyote asiwe nao. Soma swali vizuri: ukiulizwa "kati ya watoto wote" jibu ni robo, ukiulizwa "kati ya wavulana" jibu ni nusu.

Kwa sifa mbili kwa wakati mmoja, usichore mraba wa vyumba 16 kama hujaamriwa. Shughulikia kila sifa peke yake, kisha zidisha. Wazazi wote wakiwa heterozigoti kwa sifa zote mbili, wenye sifa tawala zote mbili ni 3/4 × 3/4, yaani 9/16. Wenye fiche zote mbili ni 1/4 × 1/4, yaani 1/16. Mendel alipata njegere 315, 108, 101 na 32, jumla 556, karibu sana na 9:3:3:1. Njia hii inafaa jeni zikiwa kwenye kromosomu tofauti, au zikiwa mbali sana kwenye kromosomu moja. Zilizokaribiana kwenye kromosomu moja husafiri pamoja.

Hatua ya nane: Kusoma mchoro wa ukoo

Katika mchoro wa ukoo duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume, na aliyetiwa rangi ndiye mwenye hali inayochunguzwa. Anza kwa kutafuta wazazi wasio na hali hiyo waliozaa mtoto aliye nayo. Ukiwapata, aleli ni fiche. Kisha, kama mtoto huyo ni wa kike na baba yake hana hali hiyo, aleli haiko kwenye X, kwa sababu baba angempa binti X yake pekee na angekuwa na hali hiyo mwenyewe. Kwa maswali mengi, hatua hizo mbili zinatosha.

Ualbino unafuata njia hiyo. Wazazi wasio na ualbino wanapopata mtoto mwenye ualbino, katika aina zake za kawaida, maana yake ni kwamba aleli imetoka kwa wote wawili, moja kutoka kwa kila mmoja wao. Baba anayemtuhumu mkewe au kuukimbia ujauzito uliofuata anakimbia aleli anayoibeba yeye mwenyewe.

Malizia kwa swali ambalo limewaangusha hata wanafunzi wazuri. Asha ni mzima na hana selimundu. Wazazi wake wote wawili ni AS, na mdogo wake ni SS. Asha anataka kuolewa na kijana aliyepimwa na kukutwa AS. Kuna uwezekano gani mtoto wao wa kwanza awe SS?

Wengi huandika kwamba Asha ana nusu ya uwezekano wa kuwa AS, kwa kuwa mraba una AS mbili kati ya vyumba vinne. Lakini Asha ni mzima, hivyo chumba cha SS hakimhusu tena. Vimebaki vitatu: AA kimoja na AS viwili. Uwezekano wake wa kuwa AS ni 2/3. Ikiwa ni AS, yeye na mchumba wake wana robo ya kupata SS. Jibu ni 2/3 × 1/4, yaani 1/6.

Hilo ndilo jibu la kwenye karatasi. Nje ya karatasi, Asha hana haja ya kubaki na moja ya sita. Kipimo cha hemoglobini kwa elektroforesisi, njia ya kutenganisha protini kwa umeme, hutofautisha AA, AS na SS, ilhali kile cha haraka kinachoangalia tu kama damu ina hemoglobini S hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo anapofika maabara aulize atafanyiwa kipi. Akikutwa AA, moja ya sita inakuwa sifuri. Akikutwa AS, inakuwa robo kwa kila mimba, na yeye na mchumba wake watakaa na mshauri wa afya wakiwa na mraba ule ule uliochorwa hapo juu.